Giaboksi Niliyoipasua Mwenyewe

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, na hasira bado haijanitoka.

Nianze na lililo baya: juzi nilimpiga mdogo wangu kichwani kwa spana.

Gari letu la kupeleka maziwa mjini Kitchanga ni otomatiki. Giaboksi yake ilipokufa nilinunua nyingine iliyotumika, nikaapa kuifunga mwenyewe nyumbani, kijijini Burungu, chini ya turubai. Sikuwa na haraka. Kisha mapigano yakafika kilima cha jirani. Mama amevunjika nyonga, hawezi kutembea hata hadi mlangoni. Bila gari angebaki.

Basi juzi asubuhi nilikuwa chini ya gari nikitukana kila kitu. Risasi zinalia, matope yananiingia shingoni, giaboksi imekataa kukutana na injini. Niliipiga teke. Niliipiga nyundo. Bahati, mdogo wangu, aliyebeba magunia ya madini mgodini Bisie miaka mingi na sasa ni baba wa watoto watatu waliokwisha kutangulia kwa shangazi, alikuwa ameishikilia kwa kifua. Akapitisha kidole kwenye mwanya uliobaki kati yake na injini.

"Kaka, wacha kwanza. Hayiyaingia muzuri. Tuitoshe inje, tuanze tena."

"Unajua nini wewe? Shikilia!"

"Ukikaza kwa nguvu itapasuka."

Nikampiga. Si kofi. Spana ya chuma, juu ya jicho, kwa nguvu zangu zote. Damu ikamfunika uso, lakini hakuiachia giaboksi, kwa sababu ingeniangukia mimi.

Nikaendelea kukaza bolti, nikizilazimisha zivute.

Ka!

Chuma kilipasuka kwa ndani, mafuta mekundu yakaanza kudondoka. Bahati alikuwa amesema kweli. Gari nililiua mimi.

Bomu likaanguka kwenye malisho, likararua ng'ombe wetu wawili. Bahati alijifunga kichwa kwa shati, akaingia ndani, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, shika shingo."

Alimbeba mgongoni siku nzima kwenye utelezi, hadi hapa kwa shangazi. Damu yake ilikaukia kwenye mikono ya Mama. Mara mbili niliomba kumpokea. Mara mbili Mama alikaza mikono shingoni mwa Bahati, wala hakuniangalia.

Leo jicho la Bahati limevimba hadi kufunga. Asubuhi aliniuliza, taratibu kabisa:

"Kaka, ku nyumba ulitosha nini? Ulibeba nini?"

"Hakuna kitu," nikajibu.

Nilidanganya. Spana ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Katika nyumba nzima, ndicho kitu pekee nilichokimbia nacho.

Najichukia.

Kesho, kabla ya chai, mbele ya Mama, nitapiga magoti na kuiweka spana mkononi mwa Bahati. Akitaka kunipiga, sitakinga uso.