Mwalimu Sahra Aliporudi Rhamu

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaykum. Huku Rhamu sote wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha na mbuzi wamezaa.

Umeniuliza kama umechelewa kuacha ualimu ukasomee udaktari.

Nilipokuwa msichana, Mwalimu Sahra ndiye aliyetufundisha kusoma. Mwenzetu mmoja alipofariki akijifungua, mwalimu aliacha kazi, akaenda Nairobi kusomea udaktari. Watu walimcheka: mwanamke mzima arudi darasani!

Aliporudi, mimi nilikuwa hospitalini na uchungu wa kumzaa mama yako. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na babu yako alikataa katakata nisipasuliwe.

Mwalimu hakumfokea. Aliketi chini kando yake, akamwambia, "Walaal, ndugu yangu, huyu nilimfundisha mimi. Nami sitaki kumpoteza."

Babu yako alijifuta macho. "Haya, mwalimu. Bismillahi."

Mama yako alilia kabla ya adhuhuri, sauti kubwa mpaka nje.

Hapa kwetu hakuna aliyemwita daktari. Tulimwita mwalimu, naye akaitika hadi alipostaafu. Na alipoenda kusoma, Hodan, alikuwa amekuzidi umri.

Ni mimi ayeeyo wako, mama wa mama yako,
Halima