Siku Tano za Bi Pacita

Na kama nilivyokuwa nikikueleza, Dada Marivel, kabla simu haijakatika, ndoa ni tamu! Lakini nianze na wewe: kikohozi kimepungua? Huko kwenye kufua mashuka ya hospitali wanakupa nafasi ya kupumzika? Sisi huku Guimaras tu wazima. Mama anakusalimu, na mwanao Junalyn anakula wali na samaki mkavu mpaka Mama anaficha sufuria.

Nelmar wangu ndiyo usiseme. Kila asubuhi ananishikia mwavuli mpaka langoni, hata pasipo mvua, na walimu wenzake humuuliza kama ameoa sukari. Huwajibu kwamba ndiyo, nao wachunge sisimizi wao. Tunashinda chumba kimoja kutwa nzima, na bado nikienda kunawa mikono namkumbuka!

Shule yetu unaijua. Chumba cha elimu maalumu ni cha Nelmar, na wasaidizi ni mimi, niliyepewa Junalyn, na Bi Pacita. Kila jioni msaidizi huandika kwenye daftari la mtoto anayemsaidia kazi aliyoifanya peke yake, ya kukumbushwa kwa maneno, na ya kushikwa mkono. Kila robo ya mwaka walimu wote hukaa na madaftari hayo mbele ya Bi Escolastica, mwalimu mkuu. Mtoto anayejiweza hupelekwa darasa la kawaida, ng'ambo ya uwanja, na msaidizi wake huenda naye. Kikao hicho ndicho kilichombakiza Junalyn mwezi wa nane, ukalia kwenye simu, nami nikakwambia tumwachie Mungu.

Wiki iliyopita kilikaa tena. Tulikuwa tunakula tambi za pansit na kucheka, mpaka Bi Escolastica akafika kwenye daftari la Junalyn. Alirudisha kurasa nyuma, akauliza inakuwaje mtoto ashikwe mkono tangu mwezi wa sita, kisha siku tano mfululizo avae viatu, apange foleni na anakili ubaoni peke yake, halafu Jumatatu ashikwe tena. Siku tano hizo nilikuwa kwenye fungate, na aliyeandika ni Bi Pacita. Mwalimu mmoja akasema labda Junalyn aliifaidi fungate kuliko bibi harusi. Mwingine akamuuliza Bi Pacita kama alikuwa akijaza daftari huku anakoroma. Mama wa watu akajibu kwamba amelea watoto sita, viatu anavijua. Bi Escolastica akamwambia kwamba kama ameandika uongo, hatakaa tena na watoto. Nelmar naye akasimama kunitetea, akasema mke wake hajui kudanganya.

Dada, aliyedanganya ni mimi. Junalyn anajifanyia yote hayo tangu mwezi wa saba. Niliandika kwamba anashikwa mkono kwa sababu angevuka uwanja ningevuka naye, na mimi, nikiwa mchumba tu wakati ule, nilitaka kubaki alipo Nelmar. Sina sababu nyingine. Nilikusikia ukilia, nikanyamaza.

Nilisema palepale, mbele ya wote. Bi Escolastica alimwomba radhi Bi Pacita, akanitaka na mimi nifanye hivyo, nikafanya. Hakunifukuza. Nimepewa mtoto mwingine, na kila Ijumaa Bi Pacita atalikagua daftari langu mstari kwa mstari. Nelmar hakunisemesha siku mbili. Ya tatu aliniuliza kama nimeshakuandikia. Nilipojibu bado, akaniwekea karatasi hii mezani, akaenda kukaa nje. Nampenda hata akinuna.

Tangu Jumatatu Junalyn yuko darasa la tatu. Bi Pacita hukaa kwenye benchi karibu na mlango, na anasema hajaitwa hata mara moja, mpaka anaona aibu kulipwa. Mama bado sijamwambia. Nimeona wewe ndiye wa kwanza kujua.

Wasalimie wenzako wote wa kufulia. Usinijibu kwa barua, na simu yako nikiiona nitaogopa kuipokea. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda boti kuja huko kwako Bacolod, mimi, Nelmar na mwanao, unigombeze uso kwa uso.

Mdogo wako,
Rosvida, mke wa Nelmar