Jeki Baada ya Vidole

Jumatatu, 10 Machi 2025

Miaka miwili, miezi minne na siku sita tangu nitoke Kasulu. Nimehesabu tena kwenye kalenda ya bosi.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia vipuri. Sasa naandika haya. Hakuna wa kusoma.

Alhamisi iliyopita tumemuumiza Fidelis. Tumemuumiza — naandika kama tulikuwa kundi. Tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Gereji yetu ni ua wa nyumba ya bosi, mzee Andrea, hapa Bigwa. Turubai, mti mmoja, mlima nyuma ya choo. Fidelis ndiye fundi. Mimi naosha, nashika, nanyanyua. Jeki hatuna. Ikija pikipiki iliyokatika stendi kubwa, mimi naishika keria nainua nyuma yote juu, Fidelis anasukuma jiwe chini ya injini, kisha nashusha polepole likae. Miaka miwili ndiyo kazi yetu hiyo. Wateja hutusifu. Wanasema sisi ndiyo jeki.

Ilikuwa pikipiki ya kijana anayeshusha kabichi kutoka milimani. Nikainua. Jiwe likaingia, nikaanza kushusha. Lilikaa upande. Fidelis akatia mkono kulirekebisha, akasema acha! Pikipiki ikashuka yote.

Mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati. Hospitali wamevikata Ijumaa asubuhi.

Leo bosi anasema tununue jeki. Leo! Na anasema nikaichague mimi, kwa sababu mgongo wangu unajua uzito wa kila pikipiki ya Bigwa.

Nimesema sawa bosi.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda kumwona Fidelis, mimi na bosi. Mkono mkubwa kama mtoto aliyefungwa kanga. Theresia, mke wake, ameshuka kutoka kwao Mgeta. Anakaa kwenye mkeka chini ya kitanda. Akanisalimu, shemeji za huko. Nikashindwa kumtazama.

Bosi akauliza palepale, ilikuwaje?

Fidelis akasema kosa lake. Alitaka kusema acha, ulimi ukatoa achia. Mtu akiambiwa achia afanye nini? Ataachia.

Bosi akakataa. Akasema Fidelis ananitetea tu, mimi ndiye niliyesikia vibaya. "Huyu Muha! Kwao mwisho wa reli, Kiswahili kinafika kimechoka!"

Wakacheka. Hata mzee wa kitanda cha pili mwenye mguu wa plasta. Fidelis mwenyewe alicheka, halafu akakunja uso kwa maumivu.

Na mimi nilicheka.

Theresia hakucheka. Alikuwa anamenya chungwa. Akauliza taratibu, sasa mnanunua jeki? Bosi akasema ndiyo, wiki hii hii. Theresia akasema vizuri, gereji inapigwa jeki. Na sisi nani atatupiga jeki?

Bosi akatazama saa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda mjini, duka la vifaa la mama Pushpa karibu na soko. Miwani yake imefungwa kamba shingoni. Shikamoo mama. Marahaba. Jeki ya gari? Hapana, ya pikipiki.

"Uzito gani unanyanyua?"

Nikasema nanyanyua yoyote, hata yenye gunia juu yake.

"Baba, sikukuuliza wewe. Nimeuliza jeki."

Mwanawe Nilesh akacheka mpaka akaegemea rafu. Kisha akaniletea tatu, akazipanga sakafuni.

Ya kwanza ya chupa. Fupi, nene, mafuta ndani. Nilesh anasema inanyanyua hata lori. Lakini kichwa chake ni kidogo kama kifuniko cha soda. Pikipiki haiwezi kusimama juu ya kifuniko cha soda, itapinduka.

Ya pili ya mkasi. Mikono inafunguka kama mkasi ukizungusha bolti kwa spana. Juu ina vyuma viwili bapa vyenye mpira. Nyepesi. Nilesh anasema mafundi wa mtaani wote wanachukua hiyo.

Ya tatu ya kukanyaga. Ndefu, nzito, magurudumu manne, pedali ya mguu, pini ya kufunga isishuke. Mama Pushpa akaigonga kwa kiatu. Akauliza, sakafu yenu ni ya nini?

Nikasema sakafu ya kawaida tu.

Akanitazama juu ya miwani. Hakuuliza tena.

Nikachukua ya mkasi. Niandike kwa nini? Kwa sababu nitaibeba begani mpaka Bigwa. Ya kukanyaga ingenichosha. Hiyo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kutwa. Mlima haukuonekana. Hatujafungua.

Hosiana amepiga. Mke wangu sauti yake nzuri kwenye simu kuliko picha. Anasema mwanetu Amani sasa ananifikia begani. Nikamuuliza ananifikiaje begani nami sipo? Akasema anampima kwenye koti langu lililobaki mlangoni.

Anauliza kuja kwangu Pasaka ni kweli? Nikasema kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Jeki ya mkasi imeshindwa. Niliweka pikipiki ya bosi mwenyewe, nikazungusha spana. Ikapanda vizuri, gurudumu likaacha ardhi. Nikafurahi. Kisha upande mmoja ukaanza kuzama. Udongo wetu umelowa, na jeki kitako chake chembamba kama tofali. Pikipiki ikainama polepole kama mlevi anayetafuta ukuta. Bosi akaidaka, akapiga kelele, unataka na mimi nibaki na vidole vitatu?

Nikairudisha. Mama Pushpa hakushangaa. "Nilikuuliza sakafu. Udongo si sakafu ya kawaida, baba. Udongo ni udongo."

Nikasema samahani mama. Akabadilisha bila maneno mengi. Akaniambia nitafute mbao mbili pana, niziweke chini ya magurudumu ya jeki, na nisiingize mkono kabla sijafunga pini. Kabla ya pini, hakuna mkono! Akanirudisha kutoka mlangoni nirudie maneno hayo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudia.

Nimeibeba ya kukanyaga mpaka Bigwa. Nimepumzika mara sita.

Jioni nimeijaribu. Unakanyaga, inapanda. Unakanyaga, inapanda. Kwa mguu mmoja! Nikafunga pini. Nikaitikisa pikipiki kwa nguvu zote, haikutingishika. Bosi akapiga makofi. Jirani wakaja kutazama. Mmoja akasema sasa Muha umepumzika.

Nikaenda nyuma ya choo nikakaa.

Niandike sasa. Alisema acha. Nilisikia acha. Masikio yangu hayana tatizo na Kiswahili changu hakina tatizo, nilisoma mpaka darasa la tano na nilikuwa nasoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Nilisikia vizuri kabisa.

Mikono ndiyo ilikwisha. Siku ile tangu alfajiri nilikuwa nimebeba mifuko ya saruji kwa mtu anayejenga juu kule, mifuko arobaini, kibarua cha nauli ya Pasaka. Sikumwambia bosi. Sikumwambia Fidelis. Nikaja gerejini saa tatu, nikanawa uso, nikasema tuanze. Alipokuja yule wa kabichi mikono ilikuwa inatetemeka hata kabla sijashika keria. Nikashika.

Wananicheka kwamba sijui Kiswahili. Naacha wacheke. Mjinga wa maneno watu wanamhurumia.

Jumatano, 19 Machi

Fidelis ametoka hospitali. Amepandishwa Mgeta kwao, kwenye mashamba. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia bosi kuna kazi.

Kazi ilikuwepo kweli. Pikipiki nne. Jeki haichoki.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa bosi ameniita barazani. Kaniwekea soda. Soda! Nikajua kuna neno.

Anasema Fidelis kwa mkono ule hatashika spana tena, labda mwaka kesho, labda kamwe. Wateja wananijua. Jeki naijua. Basi mimi niwe fundi, nianze Jumatatu ijayo. Atanitafutia kijana wa kushika. Akacheka, nitatafuta anayejua acha na achia.

Nikaiweka soda chini.

Fidelis ndiye aliyenifundisha kufungua klachi. Kazi ya kwanza niliyofanya peke yangu alinisimamia nyuma, mikono mfukoni, bila kunisaidia, mpaka nikamaliza. Kisha akasema umeona?

Nimemwambia bosi anipe siku chache. Ameshangaa. Anadhani nataka kuongezewa.

Alhamisi, 27 Machi

Mgeta. Naandika kwenye gogo nje ya nyumba ya Fidelis.

Tumepanda tangu asubuhi na yule yule kijana wa kabichi. Kwenda pikipiki yake ilikuwa tupu, akanichukua. Tulipita Mzumbe, lami ikaisha, kisha matope na kuteleza, mara nyingine nashuka nasukuma. Njiani aliniuliza Fidelis anaendeleaje, kama vile mimi ndiye mwenye kujua. Huku juu baridi. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu kwenye ukungu. Watu wanasalimiana Kiluguru, wakiniona wanabadilisha.

Nimemkuta Fidelis anajaribu kufunga mafungu ya karoti kwa mkono wa kushoto na meno. Akafurahi kuniona. Hilo ndilo lilikuwa baya. Akaita, Theresia, mgeni! Akaniuliza habari za jeki, ni ya aina gani, ina pini? Nikamweleza yote, ya chupa, ya mkasi iliyozama, ya kukanyaga. Alicheka kuhusu mama Pushpa. Akasema umechagua vizuri.

Ndipo nikasema.

Sikuzunguka. Nilisema Fidelis, nilisikia acha. Nilisema mifuko arobaini. Nilisema mikono.

Karoti moja ilikuwa mkononi mwake, akaifuta udongo, akaifuta tena.

Kisha akasema yeye pia anajua alisema acha. Alidanganya hospitali ili bosi asinifukuze. Alifikiri ni masikio. Mtu akisikia vibaya utamlaumu nini?

"Lakini mikono! Mikono si ungeniambia? Miaka miwili, Muha. Ungesema nimechoka. Neno moja tu. Nimechoka! Ningekaa, ningevuta sigara, pikipiki ingesubiri. Kwani kabichi zingekufa?"

Nilitaka kusema kwetu mwanamume hasemi hivyo mbele ya kazi. Nikaona hata hilo ni uongo. Hosiana huwa namwambia kila siku.

Nikasema, bosi anataka nichukue nafasi yako.

Akainuka. Akasema chukua. Akashuka njia ya bondeni bila kugeuka, mkono wake ameukumbatia kifuani.

Theresia alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Nikachukua begi langu. Nikasema shemeji, naomba niondoke kabla ya mvua.

"Uende wapi? Weka begi chini."

Nikasimama.

Akasema viazi vyao viko ardhini, ngazi saba, mvua inaviozesha. Wiki mbili zilizopita walipaswa kuvitoa, lakini alikuwa amekaa kwenye mkeka wa hospitali. Mume wake ana mkono mmoja. Watoto wako shule. "Wewe mikono yote miwili unayo. Ukichoka utasema. Hapa utasema. Jembe liko nyuma ya banda la mbuzi."

Hakuwa na hasira. Wala hakuwa na huruma.

Nimelichukua jembe.

Ijumaa, 28 Machi

Ngazi moja imekwisha, ya pili nusu. Viazi vingine vimeshakuwa uji, harufu yake mbaya. Fidelis anaokota nyuma yangu kwa kushoto, anatia kwenye tenga. Tangu jana hajaniambia neno. Mchana tulikula sahani moja, Theresia ndiye aliyeweka sahani moja. Alikula upande wake.

Mara mbili nimesimama nikasema nimechoka. Kwa sauti. Mara ya kwanza hakuinua kichwa. Mara ya pili alikaa kwenye ukingo wa ngazi, mbali kidogo, akasubiri mpaka niliposhika jembe tena.

Bosi amepiga. Mtandao unapatikana kwenye jiwe kubwa tu, juu ya nyumba. Pikipiki sita zinasubiri, hakuna mtu anayejua pini ya jeki inafungwaje. Unarudi lini? Nikasema bosi, ufundi wa Fidelis siuchukui, nitashika kama zamani, na sababu nitakueleza nikifika. Akasema, lini? Nikasema viazi vikiisha, labda Alhamisi ijayo, tarehe tatu. Akakata.

Siku nyingine za kibarua zimepotea, na nauli nayo haitatimia. Nimekaa kwenye jiwe nikampigia Hosiana. Amani ndiye aliyepokea, sauti imekuwa nzito, nikadhani ni mtu mwingine. Mama yuko kisimani. Nikamwambia amwambie mama Pasaka sitakuja. Akauliza baba, sasa lini? Nikasema mwezi wa saba, tarehe kumi na mbili, Jumamosi. Akasema subiri niandike, akaenda kutafuta kalamu, naye bado hajarudi; nimeshika simu nasubiri.