Kijiko cha Maji ya Kushushia

Nyumba ya Nyuma ya Karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Mgongo umetulia? Sisi wazima, isipokuwa mwanao Kibonge. Jina hilo kwa sasa ni la utani tu, mbavu zake zinahesabika.

Unakumbuka kifua kilimbana mara tatu na homa juu yake, daktari akasema chakula kinapotea njia na kuingia mapafuni. Kikimbana tena, atawekewa mpira wa kulishia puani. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa kumeza. Nilimtilia shaka tangu mlangoni. Msichana mdogo, chumba kimejaa viti vya watoto na vijiko vya plastiki, hana hata sindano! Akaweka kile chombo cha masikioni shingoni mwa mtoto, akasikiliza anavyomeza, basi. Akaagiza maziwa yatiwe unga wa kuyafanya mazito, mtoto akae wima, na asubiriwe ameze.

Wiki mbili baadaye homa ikarudi. Nikajua kuna mtu anatuchezea, na nilimjua: mkeo. Kwa haraka zake za asubuhi, nikasema huyu hatii unga kwenye maziwa. Nikawa nachora mstari kwenye kopo kwa kalamu. Unga ukapungua sawasawa. Nikadhani anaumwaga. Ndipo nikakuandikia yale maneno, nawe ukampigia simu ukamfokea.

Juzi mtaalamu alitaka kila mmoja wetu amlishe mtoto mbele yake. Mkeo alilisha taratibu mpaka nikapiga miayo. Moyoni nasema, leo kuna shahidi, anajifanya malaika. Zamu yangu ikafika. Nikalisha vizuri, na mwisho, kama kawaida yangu, nikampa kijiko cha maji.

"Hayo ni nini, mama?" mtaalamu akauliza.

"Maji ya kushushia tu. Atabakije na chakula kooni?"

"Unampa kila siku?"

"Kila akimaliza kula. Na hapaliwi hata kidogo!"

Akanivalisha kile chombo nisikilize mwenyewe. Shingoni mwa mtoto pumzi ilikuwa inakoroma majimaji. Akasema Kibonge hupaliwa bila kukohoa, na hakuna kinachopotea njia upesi kama maji. Mimi nilishika la maziwa tu. Maji sikuyahesabu kuwa chakula.

Mdogo wangu, ni mimi. Nilikosa pa kuweka uso. Jumatano anapigwa picha ya kifua, ndipo tutajua kama mpira utawekwa. Naogopa sana.

Mkeo hajanisema hata neno, na ukimya huo nao naushuku. Jana alinipa bakuli nilishe mimi. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanitazama mkono mpaka bakuli likaisha.

Msalimie kaka mkubwa na shemeji. Mungu akulinde huko uliko, na akimlinda mmoja tu, basi amlinde mtoto. Barua hii usiijibu kabla hujampigia mkeo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye.