Mashine Imesema Niko Salama

Jumatatu, 3 Juni

Mashine mpya ya kuhesabu chembe za damu imezinduliwa. Utepe umekatwa, mkuu wa maabara kahutubia kama anaoza binti. Hadubini zote stoo! Nikasonya. Kuhesabu mbuzi hata kichaa anaweza. Yupi anaumwa, hilo linataka jicho. Mkuu kanisikia: eti wivu, mzee. Kweli, nina wivu. Na kitambi.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu kaona madoa ya bluu mikononi mwangu. Nimejigonga wapi? Sijui. Na huu uchovu — nalala kama gogo, naamka kama niliyelibeba. Nikasema uzee. "Uzee haupaki watu rangi, baba watoto. Kapime!"

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi kanitoa damu. Si shangazi yangu, ni mwenzangu wa maabara; jina kalipata kwa umbea. Lile sanduku likakoroma, likatema karatasi. Chembe nyeupe, sawa. Nyekundu, sawa. Zile za kuzuia damu isivuje, pungufu kidogo tu. Mkuu kanipiga bega: "Umeona? Hata adui yake haimwonei!" Nikampigia mke. Vigelegele mpaka sikio likauma.

Ijumaa, 7 Juni

Ubishi umenipeleka stoo. Nilitaka kuliaibisha sanduku, basi. Nikapangusa hadubini, nikapaka tone la damu yangu kwenye kioo, nikatia rangi.

Chembe nyeupe changa. Kubwa, kiini kimejaa hadi ukingoni. Hizo hukaa ndani ya mifupa zikue kwanza. Hazina ruhusa ya kuzurura kwenye damu; zikizurura, ni saratani ya damu. Nimesogeza kioo — nyingine. Na nyingine. Pumbavu la mashine limezihesabu pamoja na watu wazima! Kwake kichwa ni kichwa, jumla imetimia, kazi kwisha.

Nikamwita Shangazi. Katazama, katazama.

"Labda rangi imezeeka, kaka."

Rangi tumechanganya leo asubuhi, yeye na mimi.

Akauliza, amwite mkuu? Nikasema ngoja kwanza. Ngoja nini, sijui.

Nyumbani mke anaimba jikoni. Kaja na mikono ya povu, kakaa pembeni yangu. "Hebu nisomee tena yale majibu, nifurahi."

Nikaitoa ile karatasi mfukoni. Chembe nyeupe, sawa, nikasoma. Nyekundu, sawa. Nimeisoma polepole, yote, kama imeandikwa na mtu ninayemwamini.