Mtandao wa Makaburini

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Barua yako imefika. Sisi wazima, na mama yako kamaliza kuvuna mpunga. Unauliza ujiunge na kampuni ipi ya intaneti, maana zote zinajisifu.

Kampuni za simu zilipoanza kuja, hapa Mbuchi mtandao ulishika makaburini tu. Mchana mmoja nikaenda kupiga simu, nikawatolea marehemu salamu kama desturi. Nikaitikiwa. Nyuma ya kaburi la mama nikamkuta shemeji yangu Saidi, kashika simu ya kampuni nyingine.

"Umenitisha!" nikacheka.

"Sijaitika mimi, shemeji. Nilidhani una mwenzio."

Tukaondoka bila kupiga simu.

Chagua inayokuitikia ulipo, usitazame jina. Kampuni zetu zile zimekufa zote mbili. Makaburini nikitoa salamu, hadi leo naitikiwa.

Bibi yako, Mwajuma