Maporomoko Yasiyokauka

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na brashi zako? Mwili wangu mzima, ila jicho hili lililobaki nalo limeingiwa na uvimbe kama mwenzake. Daktari atalitoa tarehe 28. Nimelia mpaka machozi yamenikinai. Kabla ya hapo nataka kukuona. Yale maporomoko ya msituni nilikokuwa nikikubeba mgongoni nayo ningeyatamani, lakini hayo ndiyo basi tena. Njoo.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini. Usiseme basi tena. Jana nilipanda msituni, nikachora picha palepale mbele ya maji. Sasa naipaka rangi za mafuta, uone kila kitu: miamba, ukungu, povu. Nikimaliza nakuja nayo.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Salama huko? Mistari ya karatasi inanipotea, nisamehe mwandiko. Hata kama haijaisha, njoo.

Dada

20 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole. Miti imekubali. Maji ndiyo yananitoa jasho: nikitia nyeupe juu ya kijani ambacho hakijakauka, napata uji. Nakwangua, naanza upya. Nimeianika juani, nimeipepea kama jiko la mkaa. Rangi za mafuta hazijui haraka. Nivumilie.

Mdogo wako

27 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimempa dereva wa basi picha akufikishie hospitali, ingali mbichi. Muuguzi aishike kingo tu. Nami nilikata tiketi, nikafika stendi, nikarudi nyumbani. Sijui ningekutazamaje usoni. Nisamehe.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Mkono ni wa muuguzi, maneno ni yangu. Kidonda kinapoa.

Picha ilifika jioni ya tarehe 28, jicho likiwa limeshatoka. Muuguzi alinisimulia miti, miamba, na mwanga unavyopenya majani. Akasema maji kama yanaanguka kweli. Nikaomba niyaguse. Nilipapasa, nikapata utelezi vidoleni na harufu ya mafuta. Maji sikuyapata. Nimekuharibia upande mmoja.

Wagonjwa wenzangu wanaisifu. Wakauliza ni kazi ya nani, nikasema ya ndugu yangu wa tumbo moja. Wakauliza yuko wapi. Nikajigeuza ukutani.

Usinichoree nyingine. Uliogopa tutatazamanaje. Njoo tu, mimi sitakutazama.

Dada yako